Wachezaji wa ligi ya wilaya tunataka kiti kwenye kamati na kuona hesabu. Tuanzie wapi?

Nahodha_Jezi8

Assalaam alaykum wadau.

Ligi yetu ni ya ridhaa, ngazi ya wilaya, hapa Pemba. Klabu 14, kila moja imesajili wachezaji 25, mzunguko mmoja. Hakuna anayelipwa. Ada ya ushiriki ni shilingi 150,000 kwa klabu, faini ya kadi ya njano 2,000, nyekundu 10,000, na msimu huu kapatikana mdhamini aliyetoa jezi pamoja na fedha taslimu. Kamati ina watu tisa, wote ni viongozi wa klabu au waliowahi kuwa viongozi. Mchezaji hayumo hata mmoja.

Fedha zote zinapita kwenye simu ya mkononi ya mweka hazina. Sisemi zimeliwa. Nasema taarifa iliyosomwa mwisho wa msimu uliopita ilikuwa mistari mitatu tu: mapato, matumizi, salio sifuri. Mchezaji akivunjika mguu, mchango unapitishwa kwenye grupu la WhatsApp.

Manahodha tumekubaliana kuandika barua ya kudai uwakilishi. Tuombe kiti kimoja au viwili? Nani amchague mjumbe? Katiba ya chama haimtaji mchezaji popote. Na je, tukiomba posho tutakuwa tumetoka kwenye uridhaa?

Mtunza_Daftari

Waalaykumu salaam. Barua hiyo msiipeleke bado, ina kasoro kabla hata haijasomwa.

Mwanachama wa chama cha wilaya ni klabu, si mchezaji. Ndivyo katiba nyingi za vyama vya michezo zilivyo. Barua yenye saini za manahodha 14 katibu anaweza kuiweka kwenye faili na asivunje kifungu chochote, kwa sababu imetoka kwa watu ambao kikatiba hawapo. Njia ni kuipitisha kwenye klabu. Tafuteni klabu tatu au nne ambazo viongozi wake wanakuungeni mkono, kila moja iandike kwa karatasi yake yenye muhuri, ipeleke ajenda kwa katibu, na nakala irudi imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila ya tarehe hiyo mtaambiwa ajenda ilichelewa.

Kisha kuna milango miwili na watu huichanganya. Katiba hubadilishwa na mkutano mkuu tu: notisi ya siku kadhaa, akidi, mara nyingi theluthi mbili ya kura, halafu marekebisho yaende kwa Mrajis wa Vyama vya Michezo, yaani msajili wa vyama hivyo. Kabla hayajasajiliwa kule hayana nguvu hata kama ukumbi mzima ulipiga makofi. Hilo linaweza kula msimu mzima. Kanuni za ligi ni jambo jingine, kwa kawaida kamati yenyewe huzipitia kila mwaka kabla ya ratiba kutoka. Anzeni huko. Kifungu kifupi kinatosha: manahodha wa klabu zote wakutane mara moja kabla ya ligi kuanza, kila klabu kura moja, wachague wawakilishi wawili watakaokuwa waalikwa wa kudumu wa kamati. Mwalikwa ana haki ya kupewa makabrasha yote ya kikao na kusema, ila hapigi kura.

Wawili, si mmoja. Mmoja akifungiwa mechi tatu au akihamia Unguja kutafuta kazi, kiti kinabaki kitupu na hakuna atakayekumbuka kukijaza. Watoke klabu tofauti, na wote wasitoke klabu ya mwenyekiti. Muda wao uwe msimu mmoja. Kesi ya klabu yake ikija mezani, mwakilishi atoke nje. Hili liandikwe, msitegemee ustaarabu. Na ndani ya siku tatu baada ya kikao awape manahodha muhtasari, hata wa sauti.

Ila kiti ni nusu ya pili ya kazi. Kabla ya kiti, ombeni karatasi: katiba iliyosajiliwa (si ile iliyopigwa picha na kupita kwenye simu), kanuni za msimu huu, taarifa ya mapato na matumizi yenye vifungu, na barua ya mdhamini. Mtu anayeingia kikaoni bila ya kusoma hizo nne anapewa soda na kupigiwa picha.

Katibu_Mstahimilivu

Upande wa pili nao usikilizwe. Ada inalipwa na klabu. Deni la jezi ni la klabu. Timu ikipigana, inayofungiwa ni klabu. Mchezaji dirisha la usajili likifunguliwa anahama, na madai aliyoyaacha kikaoni yanabaki kwetu. Halafu mkiwapa wawakilishi kura, klabu mbili zitakuwa na sauti mara mbili: ya kiongozi na ya nahodha wake. Hapo klabu nyengine zitasusa, na kususa tunakujua.

Mimi ningewapa nafasi kwenye kamati ndogo ya fedha, si kamati tendaji. Huko ndiko kwenye wanachokitaka.

Mtunza_Daftari

Ndiyo maana niliandika mwalikwa bila ya kura. Kamati ndogo ya fedha ni wazo zuri, mradi ikutane kweli. Nyingi zipo kwenye karatasi tu.

Hesabu_Kwanza

Tupige hesabu kabla ya kushika mtu shati.

Klabu 14 mzunguko mmoja ni mechi 91. Ada 150,000 mara 14 ni 2,100,000. Gawa kwa 91: kila mechi imebebwa na shilingi elfu 23 na kidogo. Humo mnataka mwamuzi wa kati, wasaidizi wawili, mwamuzi wa akiba, kamisaa (msimamizi wa mechi), chokaa ya mistari na nauli zao. Haitoshi. Kwa hiyo salio sifuri linaweza kuwa la kweli kabisa, na hapo hapo taarifa ya mistari mitatu ikawa haikubaliki. Yote mawili yanakwenda pamoja. Mkienda na maneno ya wizi mtashindwa siku ya kwanza, mkienda na hesabu hii mwenyekiti mwenyewe atatoa daftari ajitetee.

Faini za kadi msikubali ziwe chanzo cha posho za waamuzi. Mwamuzi anayelipwa na kadi alizotoa hata akichezesha vizuri ataonekana anajitafutia chakula. Faini ziwe na safu yake kwenye daftari na matumizi yake maalumu.

Simu ya mweka hazina: tatizo lake si uaminifu peke yake. Ada ya klabu, mauzo ya duka lake na fedha ya shemeji zote zimo kwenye salio moja, na simu ikipotea au laini ikifungwa chama hakina kumbukumbu. Akaunti ya benki kwa jina la chama si ngumu: cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichoteua watia saini, vitambulisho na picha zao, mara nyingi na barua ya utambulisho. Benki ya PBZ ipo Chake Chake na ipo Wete. Watia saini watatu, wawili kati yao ndio watoe fedha, na mwenyekiti na mweka hazina wasiwe ndugu. Ikishafunguliwa, ombeni lipa namba ya jina la chama, klabu zilipe huko. Mnachotakiwa kukishikilia ni kitu kimoja: wawakilishi wa wachezaji wapewe taarifa ya benki kila mwezi, karatasi yenyewe. Taarifa iliyoandikwa upya na mtu haina kazi.

Mdhamini. Hapa ndipo penye mengi. Jezi ni mapato pia, ziandikwe kwa idadi na thamani: seti 14, kila seti jezi ngapi, nani amepokea, saini. Zisipoandikwa, seti mbili zinageuka za mazoezi ya watu wengine. Fedha taslimu ifuatane na barua ya mdhamini inayosema ni ya nini. "Kusaidia ligi" ni neno pana mno, nalo huishia kwenye chakula cha siku ya ufunguzi, viti, turubali na spika. Muombeni aandike kwa mafungu: zawadi kiasi gani, waamuzi kiasi gani, matibabu kiasi gani. Wadhamini wengi hukubali kwa sababu nao wanaulizwa huko kwao. Aliyemleta mdhamini akidai chochote, kiwango chake kiwe kimeandikwa kwenye kanuni kabla fedha haijaingia. Hakuna kiwango, hakuna malipo.

Mlangoni. Kiwanja cha wazi hakina mlango, lakini nusu fainali na fainali watu huzungusha makuti au viroba na kutoza. Vitabu vya tiketi viwe na namba mfululizo na kishina, rangi ibadilike kila mechi, namba ya kwanza na ya mwisho iandikwe kwenye fomu kabla muuzaji hajakaa. Mapumziko yakifika hesabu ifungwe papo hapo mbele ya watu watatu, mmoja nahodha wa timu isiyocheza siku hiyo. Tiketi zilizotoka mara bei lazima ilingane na fedha mezani. Wanaopita bure wawe na orodha, la sivyo kila upungufu utaitwa "wageni".

Nahodha_Jezi8

Ahsanteni sana. Hii ya klabu ndiyo mwanachama hatukuijua kabisa. Na suala la posho? Wenzangu wanataka shilingi 2,000 tu kwa mchezaji kila mechi.

Kifungu_cha_Pili

Kwa kanuni za FIFA kuhusu hadhi ya wachezaji, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kwa ajili ya mpira. Asiyefikia hapo ni wa ridhaa. Kurudishiwa nauli, kupewa viatu, kutibiwa, hakukutoi kwenye uridhaa. Hofu hiyo iondoeni.

Kinachowakwamisha ni hesabu. Wachezaji 18 kwa siku, 2,000 kila mmoja, mechi 13: klabu moja 468,000. Klabu 14 ni 6,552,000, zaidi ya mara tatu ya ada zote zilizokusanywa. Mkiliandika dai hilo mtakuwa mmeipa kamati sababu ya kuyakataa mengine yote kwa pamoja.

Tazameni Ireland. Kule kuna GAA, chama cha michezo ya jadi kilichoanzishwa 1884, wanajaza Croke Park yenye nafasi zaidi ya elfu 80, na wachezaji ni wa ridhaa mpaka leo. Mwaka 1999 wachezaji wa timu za kaunti waliunda chama chao, GPA. Ilichukua takriban miaka kumi kutambuliwa rasmi na kuwekewa fungu. Mwaka 2022 walivutana na GAA mpaka wakagoma kuzungumza na waandishi wa habari, na ugomvi ulikuwa wa nauli: GAA ilitaka kurudisha gharama za safari zisizozidi mazoezi manne kwa wiki, wachezaji wakataka kila safari ihesabiwe. Wao wana fedha na bado waligombana juu ya kuhesabu safari. Kwa hiyo nyie hesabuni mapema. Msiseme "nauli ya wachezaji". Semeni: gari moja ya kukodi kwa kila klabu, kwa mechi iliyo nje ya shehia jirani, bei isizidi kiasi fulani, analipwa dereva mwenyewe kwa risiti. Kulipa kwa gari kunadhibitika. Kulipa kwa kichwa, orodha itakuwa na majina 25 na waliopanda 14.

Jambo jengine la GPA: sehemu kubwa ya fedha zao inatoka GAA yenyewe, na wapo wanaouliza utamdai vipi anayekulisha. Wawakilishi wenu wasipokee posho ya kikao kubwa kuliko ya mjumbe mwengine. Vocha ya simu na nauli inatosha.

Ya pembeni: fomu za usajili zenye tarehe za kuingia na kutoka zitunzwe na klabu milele. Mchezaji akija kuuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23, na za ridhaa zimo. Isiyo na karatasi haina pa kuanzia.

Mshika_Sanduku

Mmelipita suala la majeruhi haraka, na mfuko wao ndio utakaopita kikaoni bila ya ubishi.

Ongezeni 2,000 kwenye fomu ya usajili ya kila mchezaji. 350 mara 2,000 ni 700,000 kabla mpira haujapigwa, na faini za kadi ziingie humo humo. Ukomo uwe 100,000 kwa jeraha moja. Mfuko ulipe gari ya kwenda hospitali, picha ya mfupa, plasta, magongo, na akipewa rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, boti yake na ya anayemsindikiza. Usilipe siku za kazi alizokosa. Si kwamba hastahili, ila mtu mmoja ataumaliza.

Ushahidi ni ripoti ya kamisaa ya siku hiyo hiyo pamoja na karatasi ya hospitali. Nahodha ndiye ahakikishe jina la majeruhi limeandikwa kabla ya kuweka saini, kwa sababu jeraha likitajwa baada ya wiki hakuna atakayejua kama ni la mechi au la kupanda mnazi.

Mechi zinaisha magharibi, benki zimefungwa. Kwa hiyo 50,000 taslimu iwe kiwanjani kila siku ya mechi, ndani ya sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na daftari dogo: tarehe, jina, kiasi, saini ya mpokeaji na ya kamisaa. Ikitumika irudishiwe kabla ya mechi inayofuata. Na ufunguo wa sanduku akae nao mtu anayekuwepo kiwanjani kila siku, si katibu anayekuja siku za fainali.

Nahodha_Jezi8

Tumeelewana. Klabu tatu zimeshakubali kuandika. Ajenda tunaipunguza: karatasi nne, waalikwa wawili, mfuko wa majeruhi. Posho tumeiondoa, gari ya kukodi tunaiweka kwa mechi za nusu fainali tu kwanza.