Naomba ushauri: kiwanja cha mwamba Luchelele, maji taka nitayapeleka wapi?

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kujenga huku Mwanza.

Nimepata kiwanja cha 20 kwa 30 Luchelele, mlimani, nje ya zile mita 60 za kando ya ziwa zisizoruhusiwa kujengwa. Bei naiweza na karatasi zimekaa sawa. Wasiwasi wangu ni karo, yaani shimo la maji taka. Bomba la maji taka la mamlaka halijafika huko, na upande wa chini wa mteremko, kama hatua thelathini kutoka kiwanjani, jirani ana kisima anachotumia na familia yake.

Kabla ya kulipa nilimwomba mwenye kiwanja tuchimbe shimo la majaribio. Mita moja na nusu tu, sururu ikagonga jiwe. Tukamwaga ndoo kadhaa za maji jioni. Asubuhi yalikuwa bado yametulia mle ndani, yamepungua kidogo sana. Fundi mmoja anasema tuchome jiwe kwa moto lipasuke, tuendelee chini. Mimi naogopa, maana maji yakipita kwenye nyufa za mwamba hayachujwi na udongo, yanaweza kuishia kisimani kwa watu. Mwingine anashauri karo lililozibwa kabisa, linyonywe na gari. Sawa, lakini barabara ni mteremko mkali wa mawe, na mvua za masika sijui gari litapandaje.

Naomba kujua: waliojenga kwenye mwamba wa namna hii mlitumia mfumo gani? Na karo lililozibwa, kwa familia ya watu sita, linajaa baada ya muda gani?