Nimelipa elfu nane kufundishwa sheria za Marekani hapa hapa Nairobi

Wadau, sijaja kubishana kama raia anafaa kumiliki bunduki au la. Nyuzi za hayo zimejaa. Mimi nina cheti changu cha bunduki, nalenga shabaha Jumamosi mbili kwa mwezi, basi. Nimekuja kulia na hela zangu.

Jamaa mmoja alitangaza mafunzo ya siku moja, ukumbi wa hoteli kando ya Thika Road: "Sheria za ukubwa wa magazini kwa wawindaji na walenga shabaha." (Magazini ni ile sehemu ya bunduki inayobeba risasi.) Shilingi 8,000, chai na mandazi mawili ndani. Hilo neno "wawindaji" lingenishtua mapema. Wawindaji wa wapi? Kuwinda kwa burudani kulipigwa marufuku Kenya 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kitu. Ukishikwa Kajiado na swala kwenye buti, hakuna askari wa wanyamapori wa KWS atakayekuuliza magazini yako inabeba risasi ngapi.

Mwalimu akafungua picha ya kwanza: wanaume wa fulana za rangi ya chungwa, wamesimama kwenye theluji. Theluji! Akasema, "Kikomo ni risasi kumi. Andikeni: kumi." Nikauliza, kwa sheria ipi? Eti ya kimataifa.

Hakuna kitu kama hicho. Hata huko Marekani alikokopi, kikomo cha kumi cha nchi nzima kilianza 1994 kikafa 2004. Sasa kila jimbo na lake: California ni 10, Colorado tangu 2013 ni 15, na mengi hayana kikomo. Kanada nao wanaangalia aina ya bunduki: bunduki kubwa ya kuwindia inayojipakia yenyewe, risasi 5, ile unayokoki kwa mkono kila risasi, haiguswi.

Na kile ambacho kingefaa kusemwa kuhusu uwindaji, hakukitaja kabisa. Marekani hao hao, tangu miaka ya 1930, ukiwinda ndege wanaohama, bata na njiwa, bunduki yako ya marisau isibebe zaidi ya risasi 3, ile iliyo tayari kufyatuliwa kwenye chemba ikiwemo. Mrija wa magazini ukiwa mrefu unatiwa kijiti ndani, kipande kimoja, na kisiwe cha kuchomoka bila kuifungua bunduki. Lengo la sheria hiyo ni kuwahurumia ndege, maana walikuwa wakimalizwa. Ukitoka hapo ukaenda kupasua visahani vya shabaha uwanjani, kijiti hukihitaji. Bunduki ile ile, mtu yule yule, sheria mbili kwa siku moja. Hilo ndilo somo lenyewe, na lingeisha kabla ya chai!

Kando yangu alikaa mzee wa Kitengela, anaandika kwenye daftari kama mtoto wa darasa la nane enzi za mtihani wa KCPE. Ana safari ya kwenda kuwinda Tanzania na mpwa wake, ambako uwindaji wa leseni bado upo. Akafurahi sana na hiyo "kumi". Wakati wa chai nikamwambia, mzee wangu, huko bunduki inayojipakia yenyewe hairuhusiwi kuwindia, hiyo kumi haitakusaidia. Alinyamaza, akakata mstari ukurasa mzima.

Kilichonipandisha presha ni cha mwisho. Dada mmoja aliuliza swali la maana: cheti chake kinamruhusu risasi 50, je, magazini yake iwe ya ngapi? Mwalimu akagawanya! "Hamsini kwa kumi, magazini tano." Jamani. Idadi iliyo kwenye cheti ni ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuweka. Haihusiani na magazini. Huyo dada akidhani hamsini ni za magazini tu, akaweka na nyingine kabatini, anayelala ndani ni yeye, si mwalimu.

Nimempigia simu mara tatu nikitaka hela yangu. Mara yuko mkutanoni, mara mtandao unasumbua, mara "pesa ya mafunzo hairudi, boss". Pesa ya mafunzo gani?

Kesho saa nne asubuhi niko mlangoni kwake na risiti. Mzee wa Kitengela amesema anakuja pia, na daftari lake.