Uliwahi kushiriki majaribio ya dawa mpya? Tupeane uzoefu

Kifaru Mpole
Wakuu, salaam. Wiki hii ndugu yangu ameitwa kwenye utafiti wa dawa ambayo bado haijaingia sokoni, kaja kuniuliza aingie au aache. Nimeshindwa kumjibu, ndiyo maana nimeleta hapa. Nianze na yangu.

Nilikuwa chuo, mzima wa afya, mfukoni hamna kitu. Utafiti ulikuwa wa awamu ya kwanza, yaani dawa imetoka kwa wanyama na sasa inaingia kwa watu wachache wenye afya. Hapo hawatafuti kama inatibu. Wanatafuta kama mwili unaivumilia, na kwa dozi ipi. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile nilipewa fomu ya ridhaa, kurasa kumi na tisa, nikafungua ya mwisho nikatia sahihi. Muuguzi akaivuta ile fomu, akailaza kifudifudi mezani, akaweka kiganja juu yake.

"Haya, nieleze kwa maneno yako, tutakufanyia nini?"

Nikasema mtanipa dawa.

"Ya nini?" Kimya. "Ukizidiwa usiku unampigia nani?" Kimya.

Akanirudisha kwenye benchi na fomu yangu kama mtoto aliyekosa hesabu. Nikasoma yote, nikakuta mstari unaosema madhara mengine hayajulikani kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kuitumia. Nikasaini tena, safari hii mkono mzito. Nilimaliza salama, ukiacha kichwa kuuma siku mbili na kutolewa damu mpaka nikazoea. Ila nimekutana na wengi waliosaini bila kupata mtu wa kuwageuzia karatasi. Leteni yenu.

Mshona Viraka
Wewe ulikuwa mzima. Mama yangu alikuwa mgonjwa, na mgonjwa akisikia "dawa mpya" anasikia "kupona". Walimweleza, nami nilikuwepo: kundi moja litapata dawa, jingine kidonge kisicho na kitu, kompyuta ndiyo inayopanga nani aende wapi, na hata daktari hajui nani kapata nini. Mama akaitikia kwa kichwa. Tulipofika nyumbani ananiambia, "Yule daktari ananipenda, atanichagulia ya kweli."

Miezi tisa baadaye siri ilipofunguliwa, tukaambiwa alikuwa kwenye plasebo, yaani kile kidonge kisicho na kitu. Hakulia. Aliuliza tu, "Sasa ile nafuu yangu ilitoka wapi?" Mpaka leo sijapata cha kumjibu.

Muuguzi wa Zamu
Pole sana wewe na mama. Mimi niko upande wa pili wa meza, miaka mingi sasa.

Kwanza, fomu nyingine zinaandika "dawa bandia" na mimi silipendi hilo neno hata kidogo. Mtu akisikia bandia anafikiria dawa feki za wahuni. Plasebo inafanana na dawa kwa rangi, ukubwa, wakati mwingine hata uchungu, ila ndani haina dawa. Nafuu ya mama si uongo. Mtu akiangaliwa kwa karibu, akipimwa kila mara, akiwa na matumaini, wengi hujisikia afadhali, na maradhi mengine hupanda na kushuka yenyewe. Ndiyo sababu ya kuwa na kundi hilo, vinginevyo kila dawa ingeonekana inaponya.

Swali langu kwako: aliendelea na dawa zake za kila siku? Azimio la Helsinki, yaani kanuni za maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka dawa mpya ishindanishwe na tiba bora iliyopo. Plasebo peke yake inaruhusiwa pale tiba isipokuwepo, au pakiwa na sababu nzito ya kisayansi na mgonjwa hatapata madhara makubwa kwa kukosa tiba.

Pia tuseme ukweli, washiriki nao hutuficha mambo. Kijana mmoja aliapa hayuko kwenye utafiti mwingine. Nafunga kifaa cha presha mkononi, naona kwenye kunjo la kiwiko alama tatu mbichi za sindano. Si zetu. Alikuwa anazunguka vituo kwa ajili ya malipo. Dawa mbili ngeni zikikutana ndani ya mwili mmoja, likitokea la kutokea hatutajua tumkamate nani. Ndiyo maana kamati za maadili, zile zinazokagua utafiti kabla haujaanza, hubishana sana juu ya pesa: ikiwa nyingi inapofusha mtu, ikiwa kiduchu unamnyonya.

Mshona Viraka
Ndiyo, aliendelea nazo zote. Nitamsomea hiki ulichoandika.

Nahodha Mstaafu
Mimi nilikasirishwa na kusubiri. Tulikuwa wanane, tumelala kituoni, asubuhi wakawadunga wawili tu. Sisi sita tukaambiwa mpaka kesho. Nikafoka, muda wangu mnauchezea! Daktari wa zamu, mtu mpole, akavuta kiti akaniuliza kama nimewahi kusikia habari ya London, Machi 2006.

Sikuwahi. Dawa iliitwa TGN1412. Wanaume sita wazima walidungwa mmoja baada ya mwingine, dakika chache tu kati yao, na wawili wakapewa plasebo. Dozi ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile iliyoonekana salama kwa wanyama, kwa hiyo karatasi zote zilisema hakuna neno. Haikupita saa mbili, wa kwanza ameanza kutetemeka na kutapika, na wenzake tayari wana dawa mwilini. Kinga zao za mwili ziliwageukia. Wote sita walifikishwa chumba cha wagonjwa mahututi. Walipona, lakini mmoja alipoteza vidole.

"Wangemsubiri wa kwanza," akaniambia, "tungekuwa na mgonjwa mmoja."

Nililala usingizi mzuri sana siku ile ya kusubiri. Na ajabu, somo halikushika kila mahali. Mji wa Rennes, Ufaransa, Januari 2016, mshiriki mmoja alipelekwa hospitali jioni, na asubuhi iliyofuata wenzake wakapewa dozi nyingine ya dawa ileile. Yule wa kwanza alifariki.

Jicho la Tai
Mnapamba tu. Siku zote wanaojaribiwa ni maskini na weusi. Tuskegee mmesahau?

Kifaru Mpole
Hatujasahau, mkuu, ila tuiweke sawasawa, maana ni mbaya kuliko unavyoitaja. Marekani, 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Hawakuwa wanajaribiwa dawa mpya. Penisilini ilipokuwa ndiyo tiba inayokubalika miaka ya 1940, wao walinyimwa ili watafiti waendelee kuangalia ugonjwa unavyomaliza mtu. Na mwaka 1947, wakati hayo yanaendelea, majaji wa Marekani waliowahukumu madaktari wa Kinazi pale Nuremberg waliandika kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni lazima. Nchi ileile.

Jicho la Tai
Hiyo ya Nuremberg sikuijua. Bado siingii.

Kifaru Mpole
Na ni haki yako. Hutakiwi hata kutoa sababu.

Mama Pacha
Hapo kwenye kujitoa ndipo nina donge. Fomu yangu iliandika naweza kuacha muda wowote bila kuathiri matibabu yangu. Wiki ya sita nikaacha, vidonge vilininyima usingizi. Hakuna aliyenigombeza. Lakini daktari aliyekuwa akiniita kwa jina, akawa ananiita "anayefuata". Wala hakuniuliza usingizi umerudi au la. Nilitegemea angalau hilo waliandike, maana si ndilo walilokuwa wanatafuta?

Muuguzi wa Zamu
Walipaswa kukuomba ukubali kufuatiliwa hata baada ya kuacha dawa. Wanaoacha ndio wenye habari tunayoihitaji zaidi. Ukiwahesabu waliomaliza tu, dawa inatoka safi isivyostahili. Andikia kamati ya maadili, anwani yao huwa kwenye fomu.

Ndugu wa Kifaru
Ndimi ninayesemwa hapo juu, nimejiunga leo. Nimekaa na fomu tangu jioni. Awamu ya pili, tuko mia na kitu, dawa juu ya tiba yangu ya kawaida. Nikiumia kwa ajili ya dawa wanagharamia matibabu, imeandikwa. Kilichobaki ni lile swali la muuguzi wa kaka, usiku unampigia nani. Namba ipo ukurasa wa mwisho, "saa 24". Nimeipiga sasa hivi, imeita hadi ikakata.

Nahodha Mstaafu
Usisaini. Piga tena.

Ndugu wa Kifaru
Mara ya tatu imepokelewa. Ni mlinzi wa getini. Anasema daktari yupo kesho.