Tupeane uzoefu: Skripti inakwenda vizuri kwa mkono, ratiba ikifika inagoma

Fundi wa Kariakoo

Wakuu, salaam. Natunza mifumo ya mauzo kwenye maduka ya jumla huku Kariakoo, na kuna tatizo nakutana nalo karibu kila ninapokabidhiwa seva iliyofungwa na mtu mwingine. Skripti (faili lenye amri za kompyuta) ukiiendesha mwenyewe inafanya kazi bila shida. Ukiiachia cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba, usiku, asubuhi hukuti kitu, au unakuta faili ambalo ndani halina kitu. Naona vijana wengi wakianza kuibomoa skripti usiku kucha wakati skripti yenyewe ni nzima, ndiyo maana nikafungua uzi huu.

Naanza na duka moja. Bekapu (nakala ya akiba) ya MySQL, hifadhidata yenye mauzo, ilipangwa saa nane usiku. Folda ilikuwa imejaa mafaili, kila moja na tarehe yake, na mwenye duka alikuwa na amani kabisa. Nikapiga ls -l kuona ukubwa wake. Mafaili yote yalikuwa na baiti 20, la jana, la juzi, la mwezi uliopita. Anayeijua gzip, programu ya kubana mafaili, ameshaelewa: baiti 20 ni ukubwa wa faili la gzip lililobana data ambayo haikuwepo. Mysqldump, amri ya kutoa data ya MySQL, iliyotakiwa kuipa gzip data haikuwahi kuanza hata siku moja.

Seva ilifungwa kwa XAMPP (kifurushi chenye MySQL na programu nyingine za seva), kwa hiyo mysqldump inakaa /opt/lampp/bin, na aliyeifunga aliongeza njia hiyo kwenye .bashrc. Mtu akiingia kwenye temino, .bashrc inasomwa, amri inapatikana. Cron haisomi .bashrc. Kwenye Debian na Ubuntu inaanza na PATH (orodha ya folda za kutafutia amri) fupi ya /usr/bin:/bin, na shell yake, yaani programu inayosoma amri, ni /bin/sh, si bash. Nikaandika njia kamili ya mysqldump, nikaweka #!/bin/bash juu ya skripti na set -o pipefail chini yake, ili amri ya kwanza ikifeli kazi nzima ihesabike imefeli. Kesho yake nikalichukua faili jipya nikalirejesha kwenye kompyuta nyingine hadi nikaona mauzo ya jana yake. Bila kufika hapo sikubali kuiita bekapu.

Ninachowasihi ni hiki: kabla hujagusa skripti, tazama mazingira ambayo cron inayaona. Weka mstari huu kwenye crontab (faili la ratiba za cron), subiri dakika moja, kisha uutoe:

* * * * * env > /tmp/env-cron.txt

Andika env kwenye temino yako, ulinganishe. Halafu mwisho wa mstari wa kazi yako weka >> /home/duka/bekapu.log 2>&1 ili matokeo na makosa yaandikwe kwenye faili hilo. Kwa kawaida cron hutuma matokeo kwa barua pepe ya ndani ya seva, na seva nyingi hazina programu ya barua, kwa hiyo kosa linatajwa kila usiku na hakuna anayelisoma.

Karibuni.

Mama Hesabu, Posta

Asante sana mkuu. Sisi wa ofisini tunaotumia Windows tunayo yetu.

Ripoti ya kila siku ilitakiwa iandikwe kwenye drive Z: kabla ya saa moja asubuhi. Mimi nikibofya inaandikwa. Task Scheduler, programu ya ratiba ya Windows, ikiiendesha, matokeo ni namba ya kosa 0x1 tu, bila maelezo. Kilichotuponza ni ule uchaguzi wa "Run whether user is logged on or not". Z: huunganishwa mtu anapologini, na kazi inayoendeshwa bila mtu haiioni kabisa. Tukaacha herufi ya drive, tukaandika anwani kamili inayoanza na \\ na jina la seva. Pia sehemu ya "Start in" ilikuwa tupu. Ukiiacha hivyo, kazi huanzia C:\Windows\System32, na skripti inayotafuta faili kwa jina tu bila njia hailipati.

Hapo hatukuwa tumemaliza, maana skripti ilikuwa inafungua Excel. Kazi ikawa inaonyesha "Running" mpaka asubuhi, EXCEL.EXE iko hai kwenye Task Manager lakini hakuna dirisha. Excel ilikuwa inasubiri mtu ajibu kisanduku ambacho hakuna anayeweza kukiona. Microsoft wenyewe hawashauri Office iendeshwe bila mtu aliyelogini. Kijana wetu akaiandika upya kwa Python na openpyxl, inaandika faili la xlsx bila kuigusa Excel. Tangu hapo naikuta ripoti mezani nikifika.

Mdau wa Mwenge

Yangu fupi. Kama uko Debian au Ubuntu na umeweka bekapu.sh ndani ya /etc/cron.daily, folda ya kazi za kila siku, haitaendeshwa. run-parts, programu inayoendesha yaliyomo kwenye folda hiyo, huruka jina lenye nukta. Liite bekapu, basi. Hakikisha kwa run-parts --test /etc/cron.daily, itakutajia zitakazoendeshwa.

Kijana wa Sinza

Shikamooni wakuu. Mimi nimekwama leo hii. Mstari huu kwenye temino unakubali, kwenye crontab hautoi faili:

0 2 * * * tar -czf /bekapu/mauzo-$(date +%F).tar.gz /var/www/mauzo

Nimetumia njia kamili kila mahali. Nimeshaweka * * * * * nikasubiri, bado.

Fundi wa Kariakoo

Marahaba kijana. Piga grep CRON /var/log/syslog halafu utuwekee unachokiona.

Kijana wa Sinza

Inaonyesha CMD (tar -czf /bekapu/mauzo-$(date + halafu inakatika hapo hapo.

Fundi wa Kariakoo

Umeshaliona mwenyewe. Kwenye crontab alama ya % inakata amri, na kinachofuata hupelekwa kama maandishi ya kuingizwa. Andika \%F. Vizuri zaidi, hamishia amri nzima kwenye faili la skripti na uiache crontab iite faili hilo tu. Ndani ya skripti % haina shida.

Kijana wa Sinza

Imekubali! Faili limetoka, nimelifungua, vitu vyote vimo. Shukrani sana mkuu.

Mtunza Seva, Ubungo

Wadau, msisahau saa. Chama kimoja cha kuweka na kukopa kilitaka wanachama wapate ujumbe wa kukumbushwa marejesho saa mbili asubuhi. Aliyepanga aliandika 0 8, na hapo alikuwa sahihi. Ujumbe ukawa unafika saa tano, watu wameshatawanyika kwenye shughuli zao, na viongozi wakaamini mfumo mzima mbovu kwa sababu ukiuendesha kwa mkono ujumbe unatoka palepale. Seva ilikuwa ya kukodi nje, saa yake ni UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko mbele saa 3. Tulipiga timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, kisha systemctl restart cron, maana cron hushika saa za eneo inapoanza. Wengi wanabadilisha saa na kusahau kuiwasha upya, siku inayofuata wanarudi kulalamika.

Nyongeza kwa wanaopokea maagizo kwa mdomo: mteja akisema saa nane usiku, crontab ni 2. Akisema saa mbili usiku, ni 20. Mrudishie kwa "usiku wa manane" au "baada ya isha" mpaka mwelewane kabla hujaandika namba.

Mdau wa Tegeta

Wenye maduka yanayotumia laptop, fungueni kichupo cha "Conditions" kwenye Task Scheduler. Kwa kawaida kazi mpya huwa imewekewa tiki isianze laptop ikiwa kwenye betri. Umeme ukikatika jioni, ripoti ya kufunga siku haitoki, wewe ukija kujaribu umeme umerudi na kila kitu kinakwenda. Toeni tiki hiyo. Kwenye "Settings" wekeni tiki ya kuendesha kazi iliyopitwa na muda wake. Wa Linux wana anacron, au systemd timer yenye Persistent=true, nazo huendesha kazi iliyopitwa mashine ikiwa imezimwa.

Dada wa Mikocheni

Naongeza la rsync (kunakili mafaili kwenda seva nyingine) kupitia ssh. Ukiwa umeingia, ssh-agent, programu inayotunza funguo za ssh, imeshika ufunguo wako na hukumbuki hata kama una nenosiri. Cron haina agent hiyo, inakataliwa na seva ya pili. Sisi tulitengeneza ufunguo wa pekee wa bekapu usio na nenosiri, tukautaja kwa -i.

Fundi wa Kariakoo

Sawa dada, ila ufunguo usio na nenosiri usiuache wazi. Kule kwenye authorized_keys, faili la funguo zinazokubaliwa na seva ya pili, tangulizeni from= yenye anwani ya seva yenu, na command= yenye rrsync (skripti ya kuibana rsync) inayoishia kwenye folda ya bekapu tu. Akiuiba mtu hataweza kufungua shell, na akiwa kwenye mashine nyingine hautamfungulia kabisa.