Mtoto anajishikashika mwenyewe kila akipakatwa na mama yake, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mke wangu ana miezi 5 tangu ajifungue. Ananyonyesha akitazama ukuta, kimya. Kliniki walimpa yale maswali 10 ya Edinburgh (ya kupima dalili za sonona kwa mama aliyejifungua), wakasema ni sonona ya baada ya kujifungua. Mshauri tutamwona wiki ijayo.

Kinachoniumiza ni mtoto. Kwangu ananivuta ndevu mpaka machozi. Kwa mamake anafinya kinguo chake na kujishika sikio, bila kumgusa mama. Nimesoma kwamba watafiti wameliona hili: mtoto wa mama mwenye sonona hujigusa zaidi mwenyewe, pengine kujituliza. Bibi yake anasema ni deko (sikubaliani).

Waliopitia haya, mama kumkanda mtoto kwa mafuta kulisaidia? Na nimwambieje asione namlaumu?