Tommy Douglas au Woodrow Lloyd, nani hasa aliyewapa Wakanada matibabu?

mpekuzi_wa_tarehe
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua wiki nzima. Nimekuwa nasoma habari za Tommy Douglas, yule mchungaji wa Kibaptisti aliyekuja kuwa premia, yaani mkuu wa serikali, wa jimbo la Saskatchewan, Kanada, toka 1944 mpaka 1961. Kila mahali anaitwa baba wa bima ya afya ya Kanada, na 2004 watazamaji wa CBC, televisheni ya taifa ya huko, walimpigia kura kuwa Mkanada bora wa wakati wote. Sasa nikikaa na tarehe naona haziendi. Douglas kaachia upremia Novemba 1961 akaongoze chama kipya cha NDP kitaifa, bima ya kulipia madaktari imeanza 1 Julai 1962, na hapo kwenye kiti yupo Woodrow Lloyd. Sheria yenyewe imepita kwa Lloyd, madaktari wamegoma kwa Lloyd, halafu uchaguzi wa 1964 akaupoteza. Mbona jina lake halisikiki? Mi naona huyu mzee kaonewa, anayejua anieleweshe.

bahasha77
Mkuu umeanzia mwisho wa habari. Rudi nyuma mpaka 1944, chama cha Douglas, CCF, kinachukua viti 47 kati ya 52 kwenye jimbo la wakulima wa ngano waliokuwa wametoka kupigwa na ukame na mdororo wa miaka ya 30, serikali yenyewe ina madeni. Hakukimbilia kuahidi kila kitu siku moja. 1946 wakaanza na eneo moja tu, Swift Current, watu wa huko wakawa na bima yao ya matibabu, yaani kama shamba la majaribio. 1 Januari 1947 ikaja bima ya hospitali kwa jimbo zima. Madaktari wenyewe bado. Kwa nini alisubiri? Hela, ndugu yangu. Jimbo lilikuwa linabeba gharama za hospitali peke yake, mpaka serikali ya kitaifa kule Ottawa ilipopitisha sheria ya 1957 ya kuchangia karibu nusu ndo Saskatchewan ikapumua, na uchaguzi wa 1960 Douglas akaupigania kwa hoja hiyo hiyo ya bima ya madaktari, akashinda. Lloyd alikuta nyumba imeshafika kwenye paa.

mama_hadija
Paa ndo linalovuja, mdogo wangu, usilidharau. Madaktari wengi wa jimbo walifunga kliniki zao siku 23 kuipinga bima. Fikiria mama mwenye mtoto ana homa kijijini mbali na Regina, mji mkuu wa jimbo, daktari wake kafunga, na kuna kamati za wananchi zinaandamana kuitetea hoja ya madaktari, magazeti mengi nayo yako upande huo, na wewe premia umekaa kwenye kiti kwa miezi michache tu. Lloyd alikuwa mwalimu, mtu mtulivu asiye na maneno mengi, na waziri wa elimu wa Douglas miaka mingi. Angeweza kabisa kuahirisha. Serikali ikaleta madaktari toka Uingereza, akaja Lord Taylor, daktari na mwanasiasa wa huko Uingereza, kusuluhisha, na 23 Julai 1962 wakasaini muafaka mjini Saskatoon. Madaktari wakapata walichotaka sana, kulipwa kwa kila huduma badala ya kuwa waajiriwa wa serikali, lakini bima ikabaki ya watu wote. Mi kila nikisoma hizo wiki tatu nasisimka. Huyo anastahili jina lake litajwe, tena kwa sauti.

bahasha77
Hapo mama nakubali. Ila msidhani Douglas alikwepa moto. Juni 1962, wiki chache kabla ya mgomo, aligombea ubunge wa taifa hapo hapo Regina akaangushwa vibaya kwa hasira za bima hiyo hiyo, ikabidi aende jimbo la British Columbia kutafuta kiti kwenye uchaguzi mdogo. Na hili jambo kwake halikuwa la kampeni. Utotoni kule Winnipeg alikuwa na ugonjwa wa mfupa, mguu unataka kukatwa, akaokolewa na daktari bingwa aliyejitolea kumtibu bure ili wanafunzi wake wajifunze. Alikuwa anasema wazi kwamba mtoto hatakiwi kupona kwa bahati.

mpekuzi_wa_tarehe
Asanteni sana, hilo la Ottawa 1957 sikuwa nimeliunganisha kabisa. Kumbe hata kitaifa ilifuata njia hiyo hiyo, jimbo linaanza, halafu tume ya jaji Emmett Hall inapendekeza 1964, sheria 1966, na mpaka 1972 majimbo yote yamo. Kitu kimoja tu kimenishangaza zaidi, Ross Thatcher wa chama cha Liberal aliyemtoa Lloyd 1964 hakuifuta ile bima. Mama Hadija, unadhani aliogopa wapiga kura au ilikuwa imeshamshawishi?

mama_hadija
Wapiga kura. Miaka miwili watu wameenda kwa daktari bila kuwaza bili, nani angethubutu kuwanyang'anya?