Tupeane uzoefu: utoto wako na manunuzi yasiyokoma

Mama Wawili
Wakuu, leo nimesafisha kabati nikatoa jozi 11 za viatu vyeusi vya shule. Mwanangu yuko darasa la pili. Vingine ni namba 38! Mimi nilisoma pekupeku mpaka darasa la tano, mwalimu wa zamu akitusimamisha mbele ya wenzetu. Nikipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikaona kiatu cha kamba, siwezi kukiacha. Mshahara umekata tarehe 9. Nyie yenu yalianzia wapi?

Kijukuu
Hapa hapa nilipo nina madera 6 sijayatoa hata kwenye mfuko. Baba alikuwa mtu wa safari, hatukumwona miezi, akirudi ni zawadi tu. Hadi leo nikiwa mpweke naagiza kitu, boda akipiga honi getini moyo unatulia.

Mzee wa Foleni
Umenigusa, binti. Mie ni wa 1974. Miaka ile ya duka la ugawaji, mama alinituma alfajiri niweke jiwe letu kwenye foleni ya sabuni. Tukafuliwa kwa majani ya mpapai, unga ni wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Sasa 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, waliodaiwa kuficha bidhaa. Mama alikuwa na katoni moja ya sabuni ya mche, kaipata kwa mjomba. Usiku tukasikia nyumba ya tatu inapekuliwa. Nilimshikia kibatari, akaitumbukiza chooni mche mmoja mmoja, analia bila sauti. Kesho yake tukarudi kwenye mpapai.
Leo stoo yangu ina katoni 14 za sabuni. Ada ya mtoto nimelipa nusu.

Kijukuu
Duh. Pole sana mzee wangu.

Bahili Mstaafu
Msiwasingizie wazazi. Kwetu tulizaliwa tisa, foleni tumepanga wote, na mimi shilingi hainitoki hovyo.

Mama Wawili
Juzi si ulituambia unatembea toka Buguruni hadi Posta kukwepa nauli? Hilo nalo ni jeraha, kaka.

Bahili Mstaafu
Hiyo ni nidhamu. Tusichanganye mambo.

Dada Kikoba
Mama Wawili, ingia kikoba, hela uiweke huko kabla hujaitumia. Na Kariakoo nenda na taslimu ya ulichoandika tu, simu iache nyumbani.

Fundi Saa
Kikoba kilimmaliza mke wangu: alikopa akanunua vyombo vya kabatini. Mpe hela mtu mwingine akutunzie.

Dada Kikoba
Mtu gani huyo? Mume? Wangu alizitafuna.

Kijukuu
Mzee wa Foleni, mama bado yupo? Mlishawahi kuuzungumzia usiku ule?

Mzee wa Foleni
Yupo, ana miaka 81. Hatujawahi. Kila nikienda nampelekea miche kumi. Anaihesabu mara mbili, anaifungia sandukuni, ufunguo anauvaa shingoni. Jumapili nitaenda, nijaribu kumuuliza.